Jiwe la Danieli na Wajibu wa Mwalimu

Tangu wamisionari wa Africa Inland Mission walipofika Ukambani mwaka 1895, madhehebu yameongezeka. Leo, huko Ekalakala katika Kaunti ya Machakos, si ajabu Mkatoliki, Msabato na muumini wa AIC kushiriki dawati moja katika somo la Elimu ya Dini ya Kikristo. Biblia ni moja. Tafsiri ni nyingi.

Tuitazame sura ya pili ya Danieli. Mfalme Nebukadreza aliota sanamu yenye kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma na nyayo za chuma na udongo. Jiwe lisilochongwa kwa mikono likaiponda, likawa mlima ulioijaza dunia. Danieli akasema huo ni ufalme wa Mungu usioangamia.

Je, umekwisha kuja? Hapo ndipo Wakristo wanapoachana njia. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba ufalme ulianza kwa Kristo, ingawa haujakamilika. Wasabato wanalingoja jiwe hilo lije Yesu atakaporudi. Mashahidi wa Yehova husema ufalme ulisimamishwa mbinguni mwaka 1914.

Tofauti hizi si balaa. Balaa huanza pale mhubiri anapojifanya msemaji pekee wa Mungu. Huko Marekani, wafuasi wa William Miller walipiga hesabu kutoka kitabu hicho hicho, wakamngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Wao waliambulia majonzi tu. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa. Waendesha mashtaka walidai kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba kumwonyesha mtoto tafsiri nyingi ni kuitikisa imani yake. Nionavyo mimi, mtoto asiyejua kwamba waumini wa kweli huweza kutofautiana ndiye atakayemfuata mtu wa kwanza atakayenena kwa kishindo. Mwalimu asimpokonye mwanafunzi imani ya nyumbani kwao. Amfunze kuuliza: andiko lasemaje, na fulani ameongeza nini?

Danieli mwenyewe, kabla ya kuifasiri ndoto hiyo, aliomba muda, akawaeleza wenzake ili wasali. Mfasiri asiyetaka kungoja wala kuulizwa ni wa kuogopwa.