Mafunzo ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya sepsisi ya watoto wachanga

MTOTO mchanga hana namna ya kueleza kwamba anaumwa. Hawezi kuonyesha panapomuuma, na wakati mwingine hata joto la mwili wake halipandi. Anachofanya ni kuliacha ziwa, kulala kupita kiasi na kunyamaza. Kwa mzazi asiyejua, huyo ni mtoto mpole. Kwa muuguzi aliyefunzwa, huyo ni mgonjwa anayehitaji dawa mara moja.

Mara nyingi hali hiyo huwa ni sepsisi. Hutokea viini, hasa bakteria, vinapopenya na kuenea katika damu, kisha mwili katika jitihada za kujikinga ukaanza kudhuru viungo vyake wenyewe kama vile mapafu, figo na ubongo. Kinga ya mtoto ambaye hajatimiza siku 28 haijakomaa, na ya yule aliyezaliwa kabla ya wakati ni dhaifu zaidi.

Kulingana na utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya (KDHS) wa mwaka 2022, watoto 21 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya hufariki kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Mwaka 2003 idadi hiyo ilikuwa 33. Hatua imepigwa, lakini lengo la kimataifa ni kwamba idadi hiyo isizidi 12 kufikia mwaka 2030. Maambukizi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo, pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati na matatizo wakati wa kujifungua.

Ripoti hiyo inaonyesha pia kuwa asilimia 82 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, ikilinganishwa na asilimia 61 mwaka 2014. Maana yake ni kwamba usalama wa mtoto sasa umo zaidi mikononi mwa wahudumu wa afya. Mikono hiyo yaweza kuponya, na isiponawiwa, yaweza kuambukiza.

Wataalamu hugawa sepsisi hii katika aina mbili. Ya kwanza hujitokeza katika siku tatu za mwanzo, na kwa kawaida viini hutoka kwa mama. Hatari huongezeka chupa ikipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua, au mama akiwa na homa wakati wa uchungu. Ya pili hujitokeza baadaye. Viini vyake hutoka nyumbani au wodini, kupitia mikono, mirija ya dripu, vifaa visivyosafishwa ipasavyo na msongamano wa watoto wawili au watatu katika kitanda kimoja.

Kwa sababu hiyo, funzo la kwanza kwa mhudumu ni kutambua dalili: mtoto kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, joto la nyuzi 38 au zaidi, mwili kuwa baridi chini ya nyuzi 35.5, na kutojongea ila anapoguswa. Dalili moja tu yatosha kumfanya mhudumu achukue hatua, kwani majibu ya maabara huchukua siku kadhaa na mtoto hawezi kuyasubiri.

Funzo la pili ni kipimo cha dawa. Jentamaisini, ambayo hutolewa pamoja na penisilini au ampisilini, hupimwa kwa uzani. Katika wiki ya kwanza, mtoto wa kilo tatu hupewa miligramu 15 mara moja kwa siku, lakini wa kilo moja u nusu hupewa miligramu 4.5 pekee. Kichupa cha kawaida cha dawa hiyo huwa na miligramu 80. Kosa dogo la hesabu laweza kudhuru figo na masikio ya mtoto, au kuacha viini vikiwa hai.

Kenya ina tajriba ya kutosha katika mafunzo haya. Katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Nairobi na watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust walianzisha kozi ya ETAT+, inayowafunza wahudumu kwa vitendo jinsi ya kushughulikia watoto mahututi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia hospitali nane kwa miezi 18. Zile zilizopata mafunzo kamili, usimamizi na ripoti za mara kwa mara zilifanya vyema kuliko zilizopewa semina fupi na miongozo. Watoto waliopewa jentamaisini isiyotosha walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la kwanza na asilimia 9 katika la pili.

Funzo ni wazi. Kumketisha muuguzi darasani kisha kumwacha hakutoshi. Tena, muuguzi aliyefunzwa akihamishwa kutoka wodi ya watoto wachanga hadi wodi nyingine, ujuzi huondoka naye.

Mashinani nako kuna matumaini. Utafiti uliofanywa Kenya, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ulionyesha kwamba familia isipoweza kufika hospitalini, baadhi ya watoto hawa wanaweza kutibiwa katika zahanati kwa sindano chache na amoksilini ya kunywa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hilo mwaka 2015.

Hata hivyo, dawa zenyewe zinaanza kushindwa. Utafiti wa NeoOBS ulifuatilia watoto 3,204 katika nchi 11, Kenya ikiwemo, kati ya 2018 na 2020. Ulibaini kwamba madaktari walitumia zaidi ya michanganyiko 200 ya viuavijasumu, na kwamba kiini kilichopatikana mara nyingi zaidi, Klebsiela, kilikuwa sugu kwa dawa nyingi. Watoto 350 walifariki. Mwaka 2024, majaribio ya NeoSep1, yanayolenga kupata michanganyiko bora zaidi, yalianza Kenya na Afrika Kusini.

Hapa ndipo haja ya kufunza watafiti wa humu nchini inapojitokeza. Damu ikitolewa bila ngozi kusafishwa vyema, maabara itaotesha viini vya ngozi na kumpotosha daktari. Rekodi zikijazwa ovyo, hakuna atakayejua dawa ipi imeponya. Naye mzazi aliye na hofu anastahili kuelezwa utafiti kwa lugha anayoielewa kabla ya kuombwa idhini.

Wazazi pia wana wajibu. Kunawa mikono kabla ya kumshika mtoto, kumnyonyesha maziwa ya mama pekee tangu saa ya kwanza, kumkumbatia kifuani akiwa na uzani mdogo na kuweka kitovu kikiwa safi na kikavu ni mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kupaka kitovu samadi, majivu au mate ni kumwalika adui.

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mtoto akikataa ziwa, usingoje kupambazuke. Mkimbize kituoni, na kituoni awepo mtu aliyefunzwa kumpokea.