KWA NINI SIMU HUKATIKA NJIANI

Wasafiri wa njia ya Kasulu na Kibondo, simu zao zikikatika, husema mtandao hakuna. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine mtandao upo, tena wenye nguvu, na simu hukatika vivyo hivyo. Hilo ndilo nipendalo kulieleza, maana mtu anayempeleka mgonjwa hospitali huku akiuliza shauri kwa muuguzi hana nafasi ya kupiga mara ya pili.

Kila mnara una eneo lake. Basi likitoka eneo moja na kuingia jingine, sharti mnara wa kwanza uukabidhi wa pili mazungumzo, kama wakimbiaji wetu wapokezanavyo kijiti siku ya michezo. Ili ujue wa kumpa, mnara huwa na orodha ya majirani, nao huipeleka kwenye simu yako. Katika mitandao ya kizazi cha pili orodha hiyo haizidi majirani 32. Wewe unaongea, kumbe simu inawapima, na karibu mara mbili kila sekunde hupeleka habari za sita wanaosikika vizuri zaidi. Jirani asiyeandikwa hapimwi, hata sauti yake ikiwa kubwa kuliko zote.

Sasa fikirini vilima vyetu. Juu ya mgongo wa kilima simu yaweza kusikia mnara wa mbali, ng'ambo ya bonde, na ule wa karibu umefichwa. Fundi aliyeandika orodha kwa kutazama ramani tu atausahau ule wa mbali. Pengine huandika upande mmoja: kwenda Kibondo simu yapita salama, kurudi yakatika. Mimi naona kosa hili ndilo baya zaidi, kwani fundi aliyepita njia mara moja halioni. Kwa hiyo ukipeleka malalamiko, taja mahali, saa, na ulikokuwa ukielekea.

Katika kizazi cha nne mnara waweza kujaza orodha wenyewe: simu ikisikia mgeni, huamriwa isome namba yake kamili. Lakini namba fupi za kutambuana ni 504 tu, nazo hurudiwa. Majirani wawili wakiwa na namba moja, mazungumzo huenda kwa asiyestahili.

Karibu na mpaka wa Burundi ni habari nyingine. Minara ya ng'ambo husikika vizuri, ila kwa kawaida kampuni za nchi mbili hazikabidhiani mazungumzo. Simu hukatika, kisha yaweza kujiandikisha ugenini kwa bei ya ugenini. Mjomba wangu, akifika huko, huchagua mtandao kwa mkono wake mwenyewe, asiiachie simu.