Fahamu: Uhandisi unaofundishwa kwa miradi
Uhandisi haukamiliki kwa kukariri kanuni. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kinafundisha kwa miradi tangu kianzishwe mwaka 1974. Kila muhula wanafunzi hujigawa katika vikundi, huchagua tatizo halisi na kutumia takribani nusu ya muda wao kulitafutia ufumbuzi, wakiongozwa na mhadhiri.

Chukua mfano wa pampu ya maji. Kwenye karatasi hesabu zimekubali. Ikiwashwa, inavuja kwenye maungio. Mwanafunzi anafungua nati, anakagua gasketi, anapima upya. Hapo ndipo anaelewa shinikizo la maji ni kitu gani.

Mwishoni mwa muhula, kila kikundi huandika ripoti na kuitetea mbele ya watahini. Mwanafunzi apewe nafasi ya kukosea karakanani, kabla hajakabidhiwa daraja litakalobeba watu.