Hashima: Kisiwa Kimoja, Kumbukumbu Mbili

Tarehe 20 Aprili 1974, chombo cha abiria kiling'oa nanga katika gati la kisiwa cha Hashima, kiasi cha kilomita 15 kutoka mji wa Nagasaki, Japani. Ndani yake walikuwamo wakazi wa mwisho wa kisiwa hicho. Nyuma yao waliacha majengo ya ghorofa yaliyosongamana, shule yenye madawati, runinga zilizokuwa nzito mno kubebwa, na midoli ya watoto. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kulala pale akiuita mji huo nyumbani kwake.

Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kuzungumza juu ya malezi, ndoa na jamaa. Juma hili tunamwomba msomaji wetu avumilie tumpeleke mbali kidogo, kwa sababu kisiwa hicho kidogo kina swali linaloigusa kila nyumba: wazee wanapowasimulia watoto habari za walikotoka, ni nani hutajwa, na ni nani huachwa nje ya simulizi?

Mji juu ya mwamba

Hashima ulikuwa mwamba mtupu baharini. Kilichowaleta watu ni makaa ya mawe yaliyokuwa chini ya sakafu ya bahari. Mwaka 1890 kampuni ya Mitsubishi ilikinunua kisiwa, ikachimba mashimo kwenda chini, na kifusi kilichotoka mgodini kikatumika kukipanua. Kisha kikazungushiwa ukuta mrefu wa kuzuia mawimbi. Mwaka 1916 lilijengwa pale jengo la ghorofa la makazi la zege na nondo, la kwanza la aina yake katika Japani yote. Mengine yakafuata, moja likiegemeana na jingine, hata mabaharia waliokitazama kwa mbali wakakifananisha na meli ya vita. Ndipo kikapata jina la utani la Gunkanjima, yaani Kisiwa cha Manowari.

Eneo lake lote ni hekta 6.3 tu. Kukizunguka kwa miguu ni kazi ya robo saa. Hata hivyo, mwaka 1959 waliishi humo watu 5,259, msongamano ambao ni nadra kuonekana popote duniani. Palikuwa na shule, hospitali, maduka, jumba la sinema na bafu za umma. Maji ya kunywa yaliletwa kwa meli hadi mwaka 1957, ulipolazwa bomba chini ya bahari. Kwa kuwa hapakuwa na udongo wa kuoteshea hata mchicha, wakazi waliusafirisha kutoka bara na kuupandisha juu ya mapaa ya ghorofa, wakalima bustani ambamo watoto wao waliona kwa mara ya kwanza jinsi mboga inavyoota.

Watoto wa miaka ile leo ni wazee. Wapo miongoni mwao wanaowaongoza wageni kisiwani, na wanapozungumza huonekana wazi kwamba wanaupenda mji wao. Hukumbuka milango isiyofungwa, jirani aliyemlea mtoto wa jirani kama wake, na vijia vilivyounganisha majengo hata mtu akaweza kwenda mbali wakati wa mvua bila kulowa. Hukumbuka pia tufani, mawimbi yakiruka ukuta na kuanguka juu ya nyumba. Na baba zao walikuwa chini, karibu mita 1,000 chini ya usawa wa bahari, katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa kukata pumzi, wakilitafuta jiwe lililowalisha.

Japani ilipoiacha nishati ya makaa na kugeukia mafuta ya petroli, migodi ilianza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Hashima ilifika Januari 1974. Kazi ilipokwisha, hapakuwa na sababu ya mtu kubaki. Katika muda wa miezi mitatu mji mzima ulihama. Mtoto aliyekuwa na rafiki ukuta kwa ukuta alijikuta mkoa mwingine, na rafiki yake mkoa mwingine tena. Aliyehamishwa kwao akiwa mdogo anaelewa kwa nini wazee hawa wanaporudi na kuyaona madirisha yaliyo wazi, sauti zao hubadilika.

Waliokuja bila hiari

Laiti habari ingeishia hapa, ingekuwa simulizi tamu ya wahamaji na maskani yao ya zamani. Lakini ipo familia nyingine inayokikumbuka kisiwa hicho hicho, na haikikumbuki kwa bustani za mapaani.

Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani tangu mwaka 1910. Vita vilipopamba moto na vijana wa Kijapani wakapelekwa jeshini, migodi ilikosa mikono. Ndipo Wakorea walipochukuliwa kwa maelfu, kwanza kwa njia zilizoitwa za kuandikisha, kisha kwa amri ya kulazimisha, wakapelekwa katika migodi na viwanda vya Japani. Mamia yao walifikishwa Hashima. Wachina pia waliletwa katika miaka ya vita.

Mmoja wa Wakorea hao, aliyekuja kutoa ushahidi wake hadharani baada ya vita, alichukuliwa akiwa na umri wa miaka 14. Alisimulia chakula kisichoshibisha, kazi ya kulala ubavu katika mapango membamba, kipigo kwa aliyesema hawezi, na jinsi alivyokuwa akisimama juu ya ukuta wa bahari akiwaza kujirusha. Ukuta ule ule ambao kwa mtoto wa mchimbaji ulikuwa kinga dhidi ya mawimbi, kwake ulikuwa ukuta wa gereza. Kwa ushahidi wa wenzake, Wakorea waliwekwa vyumba vya chini, ambavyo nuru haikufika na maji ya bahari yalifika.

Kumbukumbu za vifo vya kisiwani za kati ya mwaka 1925 na 1945 zinataja Wakorea 122 na Wachina 15. Nyuma ya kila mmoja wao alikuwapo mama aliyengoja barua. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoanguka Nagasaki, wapo wafanyakazi wa kisiwani waliopelekwa mjini kuondoa vifusi, wakakanyaga ardhi yenye sumu wasiyoijua. Vita vilipokwisha wachache hao walirejea makwao, na wengi walinyamaza kwa miaka mingi. Watoto wao walikua wakimwona baba anakohoa na haelezi.

Wanaokwenda kutazama

Kwa miaka 35 kisiwa kilifungwa kwa wageni. Kilifunguliwa tena Aprili 2009, na tangu hapo mashua za watalii hutoka Nagasaki bahari inapokuwa shwari. Mgeni haruhusiwi kuzurura. Hupita katika njia iliyotengwa upande wa kusini, akayatazama majengo kwa mbali, kwa kuwa zege limeoza na nondo zimeliwa na chumvi. Jengo lile la mwaka 1916 limekwisha kubomoka sehemu tangu mwaka 2020.

Wageni hao si wa namna moja. Wengi huja kwa ajili ya picha. Baadhi ni wazaliwa wa kisiwa, wanaomwonyesha mjukuu kwa kidole dirisha la chumba walichozaliwa. Na wengine ni watu kutoka Korea, ambao hawatafuti dirisha la kuzaliwa bali alama yoyote ya watu wao walioteseka pale. Wote husimama katika njia moja na kutazama magofu yale yale.

Ubishi juu ya maandishi

Julai 2015 Hashima uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na maeneo mengine ya viwanda vya kale vya Japani. Korea Kusini ilipinga. Katika kikao hicho mjumbe wa Japani alitamka kwamba Wakorea wengi na watu wengine waliletwa bila ridhaa yao na kulazimishwa kufanya kazi katika mazingira magumu kwenye baadhi ya maeneo hayo katika miaka ya 1940, na akaahidi kwamba hatua zingechukuliwa ili wahanga wakumbukwe.

Mwaka 2020 kituo cha maelezo kilifunguliwa Tokyo. Miongoni mwa yaliyowekwa humo ni maelezo ya wakazi wa zamani wa Hashima waliosema kwamba hawakuona ubaguzi wala mateso. Korea Kusini ililalamika, na Julai 2021 kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza masikitiko yake makubwa kwamba ahadi haikutimizwa ipasavyo.

Jambo moja katika ubishi huu limetufanya tutafakari sana. Hadhi ya Urithi wa Dunia ilitolewa kwa kipindi kinachoishia mwaka 1910. Kwa hiyo kilichosajiliwa hasa ni mashimo ya awali na kuta za bahari za wakati huo. Ghorofa ambazo wazee huzililia ni za baada ya hapo, na mateso ya Wakorea nayo ni ya baada ya hapo. Wasajili waliupa heshima mji ambao hakuna kati ya pande hizi mbili anayeukumbuka.

Mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi Materials, mrithi wa biashara ile ya migodi, iliwaomba radhi Wachina waliolazimishwa kufanya kazi katika migodi yake wakati wa vita, na kukubali kumlipa kila mhanga au warithi wake yuan 100,000. Walioutia saini mkataba huo kwa niaba ya wahanga walikuwa wazee watatu tu. Wenzao wengi walikwisha fariki.

Je, wazee wa Hashima wanasema uwongo?

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo. Ni rahisi kuwahukumu wale wanaosema hawakuona mateso. Lakini tuangalie miaka. Wengi wa wanaowaongoza wageni leo walikuwa watoto katika miaka ya 1950 na 1960. Wakorea na Wachina walioletwa kwa nguvu waliondoka mwaka 1945. Mtoto wa mwaka 1960 hakumwona mtu wa mwaka 1944, wala hakuna aliyemsimulia. Na yule aliyekuwa mtoto wakati wa vita aliishi juu, ilhali kazi ile ilifanyika chini ya bahari.

Basi huenda mzee anaposema aliishi kwa furaha, anasema kweli. Na Mkorea anaposema pale palikuwa jehanamu, naye anasema kweli. Kosa halimo katika ushahidi wa kwanza wala wa pili. Kosa huanza pale mtu anapochukua alichokiona yeye akakifanya kiwe yote yaliyotendeka. Shahidi mwadilifu husema, "Mimi sikuona." Hasemi, "Halikuwako." Kati ya maneno hayo mawili kuna umbali mkubwa, na haki za watu hupotelea humo.

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Tungeongeza kwamba mtoto wa mtenda hata hana cha kusahau, kwa kuwa hakuambiwa. Huzaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha jengwa na hudhani iliota yenyewe. Si dhambi yake kwamba hakuambiwa. Lakini akishaambiwa, kisha akaziba masikio ili utoto wake ubaki mtamu, hapo anaingia katika dhulma ambayo hakuianzisha.

Kinyume chake pia ni kweli. Mjukuu wa mhanga hapungukiwi kitu akikubali kwamba katika ghorofa zile walizaliwa watoto wasio na hatia, ambao baba zao nao walikufa kwa gesi na kuporomokewa na miamba. Mchimbaji wa Kijapani hakuwa tajiri wa kisiwa. Naye alikuwa mtu wa jasho, ila yeye alikuwa na ruhusa ya kuondoka.

Amana mikononi mwa wazazi

Wakati unakimbia. Aliyekuwa kijana wa miaka 14 mwaka 1943, kama yu hai leo, amekaribia au amepita miaka 95. Majengo nayo yanaanguka kipande kwa kipande. Kitakachobaki ni yale ambayo babu na bibi wamewaambia wajukuu, na yale ambayo wajukuu wameyaandika.

Sisi pia tuna mitaa tuliyohama, mashamba yaliyofungwa, stesheni ambazo treni haisimami tena, na nyumba kubwa za ukoo zilizobaki kuta. Wazee wetu hutusimulia utamu wake, na ni haki yao. Lakini mara ngapi katika simulizi hizo hutajwa hamali aliyebeba mawe ya nyumba ile, mpagazi, kibarua aliyelala nje ya ukuta, au yaya aliyewalea watoto wa wengine huku wake wakiwa mbali?

Juma hili, baada ya chakula cha jioni, wazazi wawaketishe watoto karibu na mkubwa wa nyumba. Waulizeni habari za mji wenu wa zamani: nani alikuwa jirani, chakula gani kilipikwa, michezo gani ilichezwa. Mkisha kucheka, ulizeni swali moja zaidi: nani walifanya kazi pale, waliitwa nani, na walikwenda wapi? Mtoto mmoja ashike kalamu na ayaandike majina hayo, hata yakiwa mawili au matatu tu.