Mpinzani Yumo Kitabuni: Mila za Wakimbiza Magari wa Bonneville

Kila Agosti, msafara wa malori na trela huelekea uwanda wa chumvi wa Bonneville, magharibi mwa jimbo la Utah nchini Marekani. Chumvi imetandaa nyeupe pe mpaka upeo wa macho, na jua huchoma toka juu na toka chini. Wazoefu hujipaka mafuta ya kuzuia jua hata chini ya kidevu.

Wamekuja kukimbiza magari, ila hawakimbizani. Kila gari huingia njiani peke yake na saa ndiyo hutoa hukumu. Mpinzani yumo katika kitabu cha kanuni, ambamo rekodi ya kila daraja imeandikwa pamoja na jina la aliyeiweka. Zawadi ya fedha hakuna. Ukiyaelewa hayo mawili, mila zao nyingine hazitakushangaza.

Chimbuko lao ni vijana wa kusini mwa California waliokuwa wakijaribu magari yao ya kuunga-unga kwenye maziwa yaliyokauka, kama Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda Southern California Timing Association, ili wote wapimwe kwa saa moja na sheria moja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Bill Burke alichukua tangi la ziada la mafuta la ndege ya kivita akaligeuza bodi la gari. Magari ya umbo hilo yangali yakikimbia. Bonneville nayo ilikwisha kupata sifa: mwaka 1935 Mwingereza Malcolm Campbell alivuka hapo maili 300 kwa saa, yaani kilomita zipatazo 483. Mwaka 1949 chama kikafanya hapo Wiki ya Kasi yake ya kwanza.

Fundi aliyezoea lami akifika huku hujifunza upya. Kwingine hupunguza uzito wa gari, hapa huongeza. Chumvi huteleza, na tairi lisilokandamizwa huzunguka bure, kwa hiyo vipande vya risasi na chuma hufungwa chini ya gari kwa makusudi. Matairi huwa membamba, yenye upepo mwingi. Gia hupangwa kwa ajili ya mwendo wa mwisho tu, kiasi kwamba magari mengi hayawezi kuondoka yenyewe. Pikapu huyasukuma kwa nyuma hadi yashike kasi. Tena uwanda uko mita zipatazo 1,280 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana huzidi kuifanya hewa kuwa nyepesi. Injini iliyorekebishwa vizuri pwani huja kukosa pumzi hapa, na mchanganyiko wa mafuta na hewa hurekebishwa papo hapo. Gari la kuzidi maili 175 kwa saa lazima libebe parachuti, maana breki peke yake haziaminiki juu ya chumvi.

Ukaguzi ndio jando lao. Wakaguzi ni watu wa kujitolea, wengi wakiwa wamekimbia wenyewe. Hushika kila mshono wa kulehemu kwenye mabomba yanayomkinga dereva, husoma tarehe za mikanda, hutazama mitungi ya kuzima moto. Kisha dereva huvaa suti nzito, kofia ngumu na glavu, hufungwa mikanda hadi mikononi, halafu huamriwa atoke bila msaada. Akihangaika na kifungo kimoja huku wakaguzi wamekunja mikono wakimtazama, anajua hataendesha mpaka aweze. Mgeni pia hupanda ngazi: hata gari lake liwe na nguvu kiasi gani, leseni hutolewa kwa viwango vya kasi, kuanzia chini.

Gari likizidi rekodi, halirudi kambini. Hupelekwa kwenye uwanja unaolindwa, timu hupewa saa nne za kulitengeneza, na kesho yake asubuhi hukimbia tena; wastani wa mbio hizo mbili ndio huandikwa. Hapo ndipo utu wao huonekana. Kwa kuwa hakuna fedha ya kugombea, si ajabu mtu kuazimwa kifaa na yule ambaye rekodi yake iko hatarini. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Anayeweka rekodi ya zaidi ya maili 200 kwa saa hapo huingizwa katika Bonneville 200 MPH Club, iliyoanza mwaka 1953, na kuvishwa kofia nyekundu inayoheshimiwa uwanda mzima. Katika kuweka rekodi, iwe ya klabu hiyo au ya kasi ndogo, umri na utajiri si hoja. Burt Munro wa New Zealand, aliyekuwa akimimina pistoni zake mwenyewe, aliweka rekodi mwaka 1967 akiwa na miaka 68, juu ya pikipiki ya Indian ya mwaka 1920.

Heshima kuu, hata hivyo, ni ya chumvi. Kambini gari huegeshwa juu ya turubai ili oili isidondoke chini, na kwenye njia ya mbio hukanyagi bila ruhusa. Ila adabu hiyo haitoshi. Tabaka la chumvi limepungua, na wengi wao wanalaumu uchimbaji wa potashi wa miaka mingi. Tangu 1997 kumekuwa na juhudi za kurudisha maji ya chumvi uwandani kwa pampu. Bado Wiki ya Kasi ilifutwa mwaka 2014, 2015 na tena 2022, kwa sababu ya maji na hali mbaya ya uwanda.

Mwaka ukifutwa, namba za kitabuni hubaki zilivyo, huku wanaozifukuzia wakizeeka. Ndiyo maana siku hizi fundi anayebishania gia hubishania pia potashi na pampu, na huandikia serikali barua kama anavyojaza fomu za mbio. Injini iliyokufa ataiunda upya gereji kwake. Uwanda hana wa kumuundia.