Msumeno wa bei nafuu, kati ya mlima na ziwa



Wenzetu wanaokata miti kandokando ya ziwa Tanganyika, tangu Rumonge kuteremka mpaka Nyanza-Lac, wengi wao leo hawashiki msumeno wa moto wa Stihl wala wa Husqvarna. Wanashika misumeno ya kuiga iliyotengenezwa Uchina, inayoletwa madukani Bujumbura au kuvushwa ziwani kwa mashua. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya msumeno wa asili, na ndiyo sababu imeenea. Lakini fedha za kuununua kwa kawaida ni za mkopo, na aliyekopa ni mkataji mwenyewe. Injini ikishika katika mwezi wa kwanza, msumeno unakwenda jalalani na deni linabaki nyumbani.

Wako wanaosema kwamba vitu hivi ni takataka na dawa yake ni kutovinunua. Sisi hatukubaliani nao. Mtu asiye na fedha za msumeno wa asili hasaidiwi kwa kuambiwa anunue msumeno wa asili. Tena, misumeno mingi ya kuiga inayokufa mapema haifi kwa sababu ya kuigwa. Inakufa kwa petroli mbaya, kwa oili isiyoihusu, na kwa kabureta iliyopangwa mahali pengine kisha ikatumiwa mahali pengine. Hayo yote yamo mikononi mwa fundi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Kuna msumeno uliofuata umbo la zamani na unaouzwa kwa jina lake wenyewe. Mathalani Stihl 070, msumeno mkubwa wenye injini ya sentimita za ujazo 106, ulitoka mwaka 1968. Umbo lake limekwisha kuwa la kale, na viwanda vingi vya Uchina vinatengeneza mfano wake. Kuna pia msumeno uliobandikwa jina la Stihl ilhali haukutoka kwa Stihl. Huo ni udanganyifu, na anayekudanganya jina hatashindwa kukudanganya chuma. Ukiona maandishi ya kampuni kubwa na bei ya kitu kidogo, uondoke dukani.

Iliyo mingi katika pwani yetu ni midogo, ile yenye namba 5200 au 5800. Namba hizo zadai kuonyesha ujazo wa injini, yaani sentimita 52 au 58, ijapokuwa mara nyingi namba huwa kubwa kuliko injini iliyomo. Inatosha kwa kukata matawi, kuni na mikaratusi ya wastani. Kwa kupasua mbao za mashua yahitajika mkubwa zaidi, wa sentimita 72 hivi au ule wa 106. Usinunue mdogo kwa kazi ya mkubwa; utaulazimisha, utapata moto, utashika.

Dukani

Usinunue msumeno uliofungwa ndani ya boksi. Ufunguliwe, uunganishwe mbele yako. Shika mpini wa kamba ya kuwashia na uuache msumeno uning'inie kwa uzito wake, bila kuwashwa. Ukiteremka polepole kwa kusitasita, mgandamizo wa injini ni mzuri. Ukishuka mara moja kama ndoo kisimani, rudisha. Kisha ondoa ekzosi, maana ni skrubu mbili au tatu tu, uchungulie pistoni kupitia tundu la silinda. Pistoni iwe laini, isiwe na mikwaruzo ya wima. Kingo za tundu zisiwe kali kama wembe, kwa kuwa kingo kali hunasa ringi na kuzivunja.

Vuta breki ya mnyororo: mnyororo ukae imara, usisogee hata kidogo. Tazama kama kibonyezo cha mafuta kina kizuizi chake cha nyuma, kile kinachokataa kubonyezwa mpaka kiganja kishike mpini barabara. Mingi katika mifano ya 070 haina breki ya mnyororo kabisa. Upanga ukigonga kitu kwa ncha yake na kurukia uso, hakuna kitakachousimamisha mnyororo. Tunaijua nguvu ya msumeno ule, lakini si wa kumpa kijana anayejifunza.

Ukiufikisha nyumbani, weka fedha kidogo kando kwa vitu vinne: buji ya kampuni inayojulikana, mpira wa petroli pamoja na chujio lake la ndani ya tangi, na mnyororo mzuri. Mpira unaokuja na msumeno wa kuiga mara nyingi hulainika ndani ya petroli, hupasuka na kuvuta hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoichoma pistoni. Mnyororo wake ni wa chuma laini usiokaa na makali. Buji iachwe pengo la nusu milimita. Kaza skrubu zote, hasa za silinda na za ekzosi; fanya kazi ya tangi moja, acha ipoe, kaza tena. Matangi matano ya mwanzo usiupigishe resi kubwa ukiwa hewani bila kukata.

Petroli na oili ya bandarini

Hapa pana mtego ambao watu wa mbali na ziwa hawaujui. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta nchini, petroli hununuliwa penye kupatikana, na Rumonge ikiwa bandari ya wavuvi, mkataji huomba au hununua kwa mwenye mashua petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili. Asifanye hivyo. Injini ya mashua hupozwa na maji ya ziwa, na oili yake, ile yenye alama TC-W3, imetengenezwa kwa injini isiyopata joto kubwa. Msumeno hupozwa na upepo wake tu, ukiwa umezungukwa na unga wa mti kwenye jua la saa nane. Zaidi ya hayo, injini nyingi za mashua huchanganywa sehemu moja ya oili kwa 50, na nyingine kwa 100. Kwa msumeno wa kuiga mchanganyiko huo wa mwisho ni kifo.

Tafuta oili ya mipigo miwili ya injini zinazopozwa na hewa, yenye alama ya JASO FC au FD. Vijitabu vya misumeno hii kwa kawaida vinaagiza sehemu moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita moja, au mililita 200 kwa dumu la lita tano. Ufuate hivyo hasa wakati msumeno ni mpya. Baadaye, ukiwa na oili nzuri kweli, unaweza kupunguza. Ila fahamu jambo hili: anayeongeza oili anapunguza petroli katika kila tone linalopita kwenye kabureta, kwa hiyo kila ukibadili kipimo hapana budi kupanga kabureta upya. Usipime kwa kizibo cha chupa. Chupa ya dawa ya mtoto yenye mistari ya mililita haina gharama.

Petroli ya chupa za barabarani iache usiku kucha katika chupa inayoonyesha. Maji hukaa chini, nawe utaona mstari. Mimina ile ya juu polepole kupitia kitambaa kizito. Ikinuka mafuta ya taa, haifai kwa msumeno.

Kupanga kabureta

Misumeno hii ina skrubu tatu. Yenye herufi L ni ya mwendo mdogo, yenye H ni ya mwendo mkubwa, na ya tatu, yenye T au LA, ni ya kuisimamisha injini isizimike ikipumzika. Ukizungusha L au H kuelekea kulia, kama mshale wa saa, unapunguza petroli: injini inapata njaa. Ukizungusha kushoto unaongeza: injini inashiba. Injini iliyoshiba kupita kiasi hutoa moshi na kukosa nguvu, lakini huishi. Yenye njaa hulia kwa sauti nyembamba ya kupendeza, hukata upesi, na baada ya siku chache hunoki. Wengi wanaipenda sauti hiyo nyembamba, na hapo ndipo fedha zao zinapoungua.

Anza hivi. Safisha chujio la hewa kwanza, kwa sababu ukipanga kabureta ikiwa na chujio chafu umepanga uongo. Funga L na H taratibu mpaka zikae, bila kukaza, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja kamili. Washa, acha ipate joto dakika tatu au nne. Panga L mpaka ukibonyeza mafuta injini inapanda mara moja bila kusita. Panga T mpaka inapumua vizuri na mnyororo umesimama kabisa. Mnyororo unaotembea wakati wa kupumzika ni hatari. Halafu bonyeza mafuta yote kwa sekunde chache tu na usikilize H. Sauti inayotakiwa ni nzito kidogo, yenye kukoroma kama maji yanayochemka. Ukiingiza upanga katika mti, mkoromo utoweke na sauti iwe safi. Ukiutoa, mkoromo urudi. Ikiwa sauti ni safi hata hewani, fungua H kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko kwa mara moja.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe la nchi yetu. Uso wa ziwa uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Bururi, safari fupi kwa gari, iko kiasi cha mita elfu moja juu ya hapo, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10. Msumeno uliopangwa vizuri Bururi, ambako hewa ni chache, umepewa petroli chache. Mwenye nao akiteremka Rumonge kwa kazi ya wiki mbili, hewa inaongezeka lakini petroli haiongezeki. Injini yake ina njaa tangu asubuhi ya kwanza, na atasikia unakata vizuri kuliko kule mlimani! Tajiri atamsifu. Mpaka Alhamisi pistoni imekwaruzwa.

Kwa hiyo anayeteremka afungue H kati ya sehemu ya nane na robo ya mzunguko kabla ya kuwasha, kisha asikilize na kupanga upya. Anayepanda atakuta msumeno umeshiba, unatoa moshi. Huyo hana haraka, apange akifika. Baada ya nusu siku fungua buji uitazame: rangi ya kahawia ni njema, nyeusi yenye unyevu ni shibe, nyeupe ni njaa. Ikiwa umefungua skrubu sana na buji bado nyeupe, au mlio wa kupumzika unapanda na kushuka wenyewe, basi hewa inaingia pengine: tazama mpira wa petroli, na mpira ulio kati ya kabureta na silinda. Usiendelee kukata.

Mnyororo na mchikichi

Mchikichi si mti kama mikaratusi. Umejaa maji na nyuzi, na nyuzi zake humaliza makali upesi. Zikizunguka kwenye gurudumu la mnyororo huziba njia ya oili. Michikichi mingi ya Rumonge ilipandwa zaidi ya miaka 30 iliyopita na ina haja ya kubadilishwa, kwa hiyo kazi hii haitakwisha kesho. Fungua kifuniko cha pembeni kila unapotia petroli, utoe nyuzi. Noa kila tangi mbili, kwa tupa ya mviringo inayolingana na mnyororo: milimita 4.8 kwa mnyororo wa .325, milimita 5.2 kwa 3/8, na 5.5 kwa .404 wa msumeno mkubwa. Pembe ni nyuzi 30 kwa kukata, na 10 hivi kwa kupasua mbao. Unga mwembamba ukitoka badala ya chembe, makali yamekwisha, nawe unachoma injini kwa kusukuma.

Wengi hulainisha mnyororo kwa mawese, kwani ndiyo mafuta yaliyopo. Mafuta ya mimea si mabaya kwa mnyororo. Shida ya mawese ni kwamba huganda kwa baridi ya alfajiri, na zaidi mlimani, pampu ikavuta bure. Pia yakikaa hunata. Ikiwa huna kingine, yapashe moto, yachuje, na mwisho wa siku endesha msumeno dakika mbili kwa oili safi ya injini ili mirija isafike. Oili chafu iliyotolewa katika magari iacheni. Ina chembe za chuma na inarukia ngozi yako siku nzima.

Nani analipa

Kanuni za Shirika la Kazi Duniani za mwaka 1998 juu ya usalama katika kazi za misitu zinataka kofia, kinga ya masikio, viatu na nguo za kukinga miguu zitolewe na mwajiri bila kumkata mfanyakazi. Kwetu mara nyingi mkataji huletewa msumeno na tajiri, kisha ukiharibika hukatwa katika ujira wake. Tajiri akisema ni wako kwa malipo ya polepole, muulize ni wa nani siku ya ajali. Ikiwa umeajiriwa, dai kuandikishwa INSS, maana ndiyo inayofidia ajali za kazini kwa walioandikishwa. Wala mtu asikubali kutumwa kukata katika hifadhi za Kigwena, Vyanda au Rumonge kwa maneno ya mdomo. Atakayekamatwa na msumeno mkononi si tajiri.

Kabla ya kuanza kazi ya mkataba, andikeni karatasi moja: petroli na oili ya nani, minyororo ya nani, nani anabeba hasara injini ikinoki, na msumeno ulikuwa katika hali gani siku ulipopokewa, pamoja na ile pistoni uliyoichungulia. Iwe nakala mbili zenye sahihi za wote. Nakala yako usiiweke katika boksi la msumeno, kwa kuwa baada ya wiki moja itakuwa imelowa oili isisomeke.