Paa la Makuti, Dari ya Zege

Mpwa wangu alitoka kwao Kisauni, akapita daraja la Nyali hadi kisiwani, kisha akavuka feri na umati wa waendao kwa miguu, wasiolipa, mpaka kwangu Likoni. Mgongoni ana gitaa la umeme la mtumba. Mkononi ana kopo la biskuti lenye kutu pembeni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kopo la nini?"

Akalifungua. Ndani mlikuwa na ampu aliyoiunga mwenyewe: chipu moja ndogo ya miguu minane iitwayo LM386, kapasita chache, betri ya volti 9 na jeki mbili. Gitaa linaingia huku, hedifoni kule. Kwao wanaishi nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakwambia pole. Mtu hawezi kupiga gitaa kwa spika pale baada ya isha. Hedifoni ndizo zilizoleta amani.

"Haifanyi kazi?"

"Yafanya, mjomba. Lakini yalia safi mno. Nataka ikwaruze."

Akatoa daftari. Alikuwa amechora saketi tatu za ovadraivu, yaani za kuifanya sauti ya gitaa ingurume na kukwaruza, na hakujua aunge ipi. Nikamwambia afunge daftari kwanza. Nanyi mnaosoma, subirini na michoro. Tuanze na wimbi.

Uzi wa gitaa ukitikisika juu ya sumaku zake, hutoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kama maji ya Kilindini. Tuseme wimbi hilo lina kimo cha volti 0.1. Kazi ya ampu ni kulikuza bila kulibadili sura. LM386, ukiiacha ilivyo, hukuza mara 20, basi 0.1 inakuwa 2. Ukiunga kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na mguu wa 8, chipu ile ile hukuza mara 200. Pigeni hesabu: 0.1 mara 200 ni volti 20. Betri yenu ina volti ngapi? Tisa! Hizo nyingine zitoke wapi? Hazitoki. Wimbi linapanda mpaka linagota, na kilele chake kinakatwa kikabaki bapa kama meza. Kilele kikikatwa, juu ya noti uliyoipiga huzaliwa sauti nyingine ndogondogo ambazo hazikuwa kwenye uzi. Hizo ndizo sikio linaziita mkwaruzo.

Mwanzoni watu hawakuutafuta mkwaruzo; uliwajia kwa ajali. Mwaka 1951 huko Memphis, Marekani, wimbo "Rocket 88" ulirekodiwa kwa ampu ya gitaa iliyokuwa imeharibika, na ule ubovu ukapendwa. Baadaye wakaanza kuutafuta: mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks ya London aliichana spika ya ampu yake kwa wembe, makusudi, apate sauti ya "You Really Got Me". Na hapa Afrika kuna Konono N°1 ya Kinshasa, bendi iliyoanzishwa na Mawangu Mingiedi. Wao walitaka likembe zao, yaani marimba ndogo za kupigwa kwa vidole gumba, zisikike katikati ya kelele za mji, wakajitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Likembe zikatoka zikikoroma. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 iliwafanya watu wa mbali waupende mkoromo ule ule.

"Kwa hivyo nichane spika?" mpwa wangu akauliza.

"Hedifoni zako zina spika za kuchana? Fungua daftari."

Mchoro wa kwanza ulikuwa ile kapasita moja ya mikrofaradi 10. Hakuna saketi rahisi kuliko hiyo. Lakini fikirini: ili wimbi ligote, chipu lazima ifike mwisho wa nguvu zake, na kinachotoka hapo kinakwenda moja kwa moja masikioni. Mkwaruzo na makelele vimefungwa kamba moja. Huwezi kuvuta kimoja kingine kisije. Isitoshe, mvumo wote wa waya na betri nao unakuzwa mara 200. Kwa spika ya uani, sawa. Kwa hedifoni, hapana.

Michoro miwili iliyobaki ilitumia dayodi. Dayodi ni mlango wa upande mmoja: umeme hupita kwenda, haurudi. Na mlango wenyewe haufunguki mpaka usukumwe. Dayodi ndogo ya kioo, 1N4148, ile yenye mstari mweusi ambayo mtaiona kwenye bodi nyingi za redio zilizokufa, hufunguka kwenye volti 0.6 hivi. Ukiweka mbili zikitazamana kinyume, moja hushika wimbi likipanda, nyingine likishuka.

Ila mahali pa kuziweka ndipo penye mambo. Nikamwambia hivi: mtu akiruka chini ya paa la makuti, kichwa huzama kidogo kwenye makuti, yakampokea na kumrudisha taratibu. Akiruka chini ya dari ya zege, ni ko! Mchoro wa tatu ulikuwa paa la makuti. Dayodi zake zimekaa kwenye njia inayorudisha sauti ndani ya chipu ya kukuza, kwa hivyo wimbi linapinda kabla ya kukatwa. Pedali ya mguuni iitwayo Tube Screamer, ya Ibanez, inafuata njia hiyo, na sauti yake ni laini. Lakini unahitaji chipu ya pili na vipande vingi vya kuizunguka. Ikikataa kulia, utamshuku nani kati yao?

Mchoro wa pili ulikuwa dari ya zege. Transista moja, rezista nne, kapasita mbili, kisha dayodi mbili zinazomwaga ziada chini, kwenye waya wa hasi. Transista inakuza kama mara 20, 0.1 inakuwa 2. Dayodi zinakata kila kinachozidi 0.6. Baada ya hapo ndipo kinakaa kitasa cha sauti, halafu LM386 yenyewe ikiwa kwenye mara 20 zake za kawaida. Mmeona ujanja ulipo? Wimbi linakatwa kabla ya kitasa. Unaweza kukwaruza kwa sauti ya kunong'ona, na wa chumba cha pili asijue kama uko macho.

Na ukiona zege imekaa chini mno, hubadilishi saketi, unainua dari. Toa dayodi za kioo, tia taa mbili ndogo nyekundu za ledi. Hizo hufunguka karibu na volti 1.8, basi wimbi la 2 linakwanguliwa utosi tu.

"Basi ni huu," nikasema, nikiweka kidole kwenye mchoro wa pili. "Huu unaweza kuufuata kwa kidole kutoka jeki hadi jeki na kusema kila kipande kinafanya nini."

Akapasha chuma cha solda, akaunga mpaka adhuhuri. Akazivaa hedifoni shingoni kwanza, kitasa kwenye sifuri, kama nilivyomfundisha; masikio hayana spea. Akapiga uzi. Kikatoka kisauti chembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani.

Tayari alishashika chuma cha moto, anataka kuvunja vyote aanze upya. Nikampa mita. "Pima mguu wa transista unaotoa sauti. Unatakiwa usome kati ya 3 na 5."

Mita ikasoma 0.6.

Nikanyamaza. Akaitazama namba, akaitazama saketi. "Sifuri nukta sita ni ya dayodi," akasema polepole. Kidole chake kikafuata waya kutoka transista, kikafika kwenye dayodi bila kukutana na kitu. Kapasita ya katikati aliisahau kwenye kopo. Kapasita hupitisha umeme unaotikisika na kuzuia ule uliotulia. Bila hiyo, dayodi hazikuwa zikikata wimbi la gitaa. Zilikuwa zimeikaba transista yenyewe koo. Akaiunga, akapiga tena, na nikajua imekubali kwa jinsi alivyoacha kunisikia.

Jioni akarudi feri na kopo lake.

Baada ya wiki mbili alikuja tena, safari hii na rafiki yake wa Changamwe, naye ana kopo lake, na upande mmoja tu wa hedifoni ndio unaolia. Rafiki alinigeukia mimi. Kabla sijafungua mdomo, mpwa wangu alishavuta kigoda, amelikalia kopo kwa macho, kidole kiko kwenye jeki ya kutolea sauti, kinafuata waya mmoja mmoja.

"Chuma cha solda acha kwanza," akamwambia mwenzake. "Nipe mita."